Mahali pa Kazi, Shule ya Udugu

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatukumbusha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa utu wa yule anayeifanya. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilifafanua jambo hili katika Waraka wake "Laborem exercens" wa mwaka 1981. Kwetu sisi waamini wa Handeni na Korogwe, fundisho hili lina historia ndefu.

Tangu Dkt. Richard Hindorf alipoleta mkonge Tanga mwaka 1893, mashamba yalikusanya vibarua walioitwa manamba: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Wamakonde kutoka Msumbiji, Warundi na wengine wengi. Leo wajukuu wao ni majirani wa Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Tangu mwaka 2022, Msomera wilayani Handeni nayo imepokea kaya za wafugaji kutoka Ngorongoro. Wakristo na Waislamu wanafanya kazi bega kwa bega mashambani, viwandani, shuleni na katika zahanati.

Wazee wetu walitumia utani kulainisha maisha ya mchanganyiko huo. Utani ni hazina, lakini una kanuni yake: anayetaniwa lazima aweze kujibu. Msimamizi anapomcheka kibarua kwa kabila lake, na kibarua akanyamaza kwa kuogopa kukosa kazi kesho, hapo hapana utani tena. Pana dharau iliyovaa nguo ya utani. Tofauti hii haionekani kwa urahisi, na ndiyo sababu ni lazima tujifunze.

Sheria ya nchi inatuunga mkono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mingineyo, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Kwa nini semina moja kwa mwaka haitoshi? Kwa sababu wafanyakazi huja na kuondoka, wasimamizi hubadilika, na mazoea ya zamani hurudi taratibu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo Maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1976, hukutana kila wiki kwa sababu hiyo hiyo: moyo haugeuki kwa siku moja.

Kanisa lina njia nyepesi ya kujifunza hivyo, nayo ilizaliwa miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, aliwafundisha vijana wafanyakazi hatua tatu: tazama, amua, tenda. Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu aliipendekeza njia hiyo katika Waraka "Mater et magistra" wa mwaka 1961.

Dakika 15 kila wiki, kabla ya kazi kuanza, zinatosha. Tutazame: nani hupewa kazi nzito daima, nani haulizwi maoni? Tuamue kwa mwanga wa Injili na sheria: je, ni haki mwenzetu mwenye ualbino kupangiwa palizi ya saa sita mchana wakati kazi ya kivulini ipo? Je, mama mjamzito anaficha hali yake kwa kuogopa kuachishwa? Kisha tutende jambo moja dogo: kubadilisha zamu, kutoa kofia pana na nguo za mikono mirefu, kupanga ratiba inayoheshimu Misa ya Jumapili na sala ya Ijumaa. Wiki inayofuata tuulizane kama limetekelezwa. Swali hilo la mwisho ndilo linalotofautisha mafunzo na maneno matupu.

Tuanze nyumbani mwetu. Wapishi, walinzi na vibarua wa parokia na shule zetu nao ni wafanyakazi. Mtume Yakobo aliwakaripia waamini waliompa tajiri kiti cha heshima na kumwacha maskini amesimama. Karipio hilo linatuhusu sisi kwanza, kabla hatujalipeleka kwa waajiri wengine.