Tumbusi hupumuaje mita 11,300 angani?

Tarehe 29 Novemba 1973, eropleni iliyokuwa juu ya Abidjan, Kodivaa, iligongana na tumbusi kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Injini moja iliharibika ikazimwa, lakini rubani alitua salama. Manyoya yaliyosalia yalichunguzwa Marekani, ikathibitika kuwa ni ya tumbusi wa Rüppell, yule yule tunayemwona Serengeti na Maasai Mara akigombea mizoga.

Kimo hicho kinakaribia mara mbili ya Kilimanjaro. Kileleni Kibo, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani, na wapandaji wengi huumwa kichwa, hutapika na kuishiwa pumzi. Penye mita 11,300 hupungua hadi chini ya robo. Binadamu asiye na mtungi wa oksijeni hupoteza fahamu ndani ya dakika moja hivi.

Tumbusi anawezaje? Tuanze na mapafu. Sisi huingiza na kutoa hewa kwa njia ile ile, kwa hiyo hewa mpya huchanganyika na iliyokwisha kutumika. Ndege ana vifuko vya hewa, kwa kawaida tisa, vinavyofanya kazi kama mivukuto ya mhunzi. Akivuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa mpya huenda kwenye vifuko vya nyuma. Akiitoa, hewa hiyo husukumwa mapafuni. Akivuta tena, huhamia vifuko vya mbele, kisha hutoka nje. Hivyo mapafu hupitiwa na hewa upande mmoja tu, naye hupata oksijeni anapovuta pumzi na hata anapoitoa.

Kisha kuna damu. Tumbusi huyu ana hemoglobini za aina nne, zinazotofautiana kwa nguvu ya kushika oksijeni, kwa hiyo damu yake hufanya kazi chini na juu vilevile. Tena hatumii nguvu nyingi: hutandaza mabawa, na hewa iliyopashwa joto na ardhi humpandisha.

Bata bukini wa Asia wenye milia kichwani hawana nafuu hiyo. Huvuka Himalaya wakipiga mabawa, na wamewahi kurekodiwa zaidi ya mita 7,000. Wao husaidiwa na hemoglobini inayonasa oksijeni upesi na uwezo wa kupumua kwa kasi kubwa.

Lakini tumbusi hupanda juu ili atafute chakula, na chakula kiko chini. Mfugaji akitia sumu mzoga kumlipizia kisasi simba, mzoga huo mmoja huweza kuangamiza tumbusi kwa makumi. Tangu 2015 tumbusi wa Rüppell amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Tuimarishe maboma, tutoe taarifa kwa maofisa wa wanyamapori, na sumu tuiache. Anayetusafishia mbuga bila malipo hastahili kufa kwa mlo wake.