Rovu la Vinundu Halimalizwi na Vidonge

Mgonjwa wa rovu ambaye tezi yake inatoa homoni kupita kiasi huanzishiwa kabimazole, na baada ya wiki chache moyo hutulia, mikono huacha kutetemeka, mwili hurudi. Wengi huamini wamepona. Hapo ndipo pa kuuliza: rovu hili ni la aina gani? Katika ugonjwa wa Graves, tezi huchochewa na kingamwili za mwili wenyewe, na uchochezi huo unaweza kuisha. Ndiyo maana dawa hutolewa miezi 12 hadi 18 kisha husimamishwa, ingawa takriban nusu ya wagonjwa huugua tena. Rovu la vinundu halina tabia hiyo. Hukua polepole kwa miaka, hasa kwa watu waliolelewa penye upungufu wa madini joto, kama zilivyokuwa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, hadi baadhi ya vinundu vianze kutengeneza homoni bila kungoja amri ya ubongo. Kabimazole huvizuia tu. Ikiachwa, homoni hupanda tena.

Kwa hiyo tiba ya kulimaliza ni madini joto yenye mionzi au upasuaji. Madini joto hayo, yaliyoanza kutumika mwaka 1941, humezwa. Tezi huyanyonya kama inavyonyonya yale ya chumvi, na mionzi huziua seli zake kutoka ndani. Hapewi mjamzito wala anayenyonyesha. Rovu kubwa linalobana njia ya hewa ni la kupasuliwa, maana mionzi hulipunguza taratibu mno, na homoni sharti zitulizwe kwanza kwa dawa.

Wapo wanaopinga: kwa nini niharibu tezi, kisha nimeze vidonge vya homoni, levothairoksini, maisha yangu yote? Hoja ina uzito, lakini levothairoksini hurudisha homoni ileile iliyokuwa ikitoka kwenye tezi, ilhali homoni zilizozidi huvuruga mapigo ya moyo, huleta kiharusi na kudhoofisha mifupa. Mzee dhaifu aliye mbali na hospitali ya rufaa anaweza kubaki kwenye dozi ndogo ya kabimazole, mradi apimwe mara kwa mara. Huo nauona uamuzi halali. Ila yeyote anayemeza kabimazole, akipata homa na koo kuuma, asimamishe dawa na apimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo.