Udongo Unaoinua Nyumba

Kwenye nyanda za Athi, kusini-mashariki mwa Nairobi, ardhi hupasuka kila kiangazi. Nyufa hushuka chini hata mtu akatumbukiza mkono mzima asiguse mwisho. Mvua zikirudi, nyufa zinajifunga, na udongo unageuka tope jeusi linalong'ang'ania matairi na viatu. Kenya unaitwa udongo mweusi wa pamba; Tanzania wengi huujua kama udongo wa mbuga. Kitengela, Athi River na Syokimau zimepanuka kwa kasi juu ya ardhi ya namna hiyo, na si ajabu kukuta huko ukuta wenye ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kimshazari hadi darini.

Mwenye nyumba humlaumu fundi. Saruji ilipunjwa, atasema, au nondo zilikuwa nyembamba. Huenda ana haki. Lakini ufa wa aina hiyo mara nyingi una chanzo kingine, na hapo ndipo watu wengi hushangaa: nyumba haikuzama. Iliinuliwa.

Udongo huu una madini ya montimoriloniti, vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Maji hupenya katikati ya tabaka hizo na kuzitenganisha, na udongo wote huvimba. Udongo wa mfinyanzi unaovimba sana unaweza kusukuma kwa nguvu inayozidi tani 20 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa hukandamiza ardhi kwa tani chache tu kwa eneo kama hilo, kwa hiyo udongo ndio unaoshinda. Jengo refu ni zito, na msingi wake kwa kawaida huvuka tabaka hilo jeusi na kufikia mwamba au udongo mgumu. Anayeumia ni mwenye vyumba vitatu na bati, aliyeambiwa kwamba nyumba ndogo haihitaji mhandisi.

Ubaya zaidi ni kwamba uvimbe haulingani. Chini ya sakafu, ambako jua halifiki, unyevu hujikusanya polepole. Kwenye kingo za nyumba, udongo hulowa na kukauka kufuata misimu. Upande mmoja unapanda, mwingine unashuka, na ukuta wa matofali, usioweza kupinda, unapasuka mahali ulipo dhaifu: kwenye madirisha na milango.

Ukienda upande wa Kiambu, udongo ni mwekundu na hauna vituko hivyo. Asili yake pia ni miamba ya volkano. Tofauti kubwa imeletwa na maji: kwenye miteremko mvua hupita na kuondoka, na kwa maelfu ya miaka imeyasomba baadhi ya madini na kuacha mfinyanzi mtulivu zaidi pamoja na chuma kinachoupa rangi yake. Kwenye bonde tambarare maji hutuama, na montimoriloniti hujijenga. Ndiyo maana wanunuzi wawili wa viwanja pembezoni mwa Nairobi wanaweza kulipa gharama za msingi zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Watanzania pia wanaijua adha hii. Mwaka 2008 Charles Lucian aliwasilisha tasnifu yake katika chuo kikuu cha KTH, Stockholm, kuhusu majengo yaliyojengwa juu ya udongo unaovimba huko Kibaha, mkoani Pwani.

Mtu aliyeweka maji katikati ya elimu ya udongo ni Karl Terzaghi, mhandisi aliyezaliwa Prague mwaka 1883. Mwaka 1916 alikwenda kufundisha Istanbul, na huko, kwa vifaa vya kuungaunga, akaanza kuupima mfinyanzi. Kitabu chake kilichotoka Vienna mwaka 1925 ndicho wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa mekanika ya udongo kama fani kamili. Hoja yake kuu inaelezeka bila hesabu. Udongo ni chembe na maji yaliyojaa katikati yake. Mzigo mpya ukiwekwa juu ya mfinyanzi uliolowa, mwanzoni maji ndiyo yanayoubeba, na maji hayana nguvu ya kuzuia udongo usiteleze. Chembe hupokea mzigo pale tu maji yanapotoka. Mwenye kukamua tui kwa kifumbu anaijua hali hii: tui halitoki lote kwa mkamuo mmoja, na machicha hushikana kadiri linavyotoka. Kwenye mchanga maji hutoka mara moja. Kwenye mfinyanzi yanaweza kuchukua miaka.

Mnara wa Pisa, Italia, uliokolewa na ucheleweshaji huo. Ujenzi ulianza mwaka 1173 na kusimama baada ya miaka michache, ukiwa umefikia ghorofa ya tatu. Ulikuja kuendelea mwaka 1272. Katika karne hiyo ya mapumziko, mfinyanzi laini ulio chini ulipata muda wa kutoa maji na kukaza. Wahandisi walioupigia hesabu baadaye wanakubaliana kwamba mafundi wangeendelea bila kusimama, mnara ungeanguka zamani zile. Walipoufunga kwa wageni mwaka 1990, dawa iliyofaa haikuwa kuusukuma. Walichimba kidogo kidogo udongo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, mpaka mnara ukarudi nyuma kwa takriban nusu digrii. Ulifunguliwa tena Desemba 2001, bado ukiwa umeinama, maana nani angelipa nauli kwenda kuuona mnara ulionyooka?

Ghala la nafaka la Transcona, karibu na Winnipeg, Kanada, halikupata muda huo. Lilikuwa jipya, la zege lenye nondo, na Oktoba 1913 lilikuwa linajazwa ngano. Tarehe 18 lilianza kuzama, na ndani ya siku moja likawa limelala kwa pembe ya takriban digrii 27, mwili wake ukiwa karibu mzima. Wajenzi hawakuwa wazembe. Walikuwa wameujaribu udongo kwa kuuwekea mzigo kwenye bamba dogo, nao ukastahimili. Kosa lilikuwa la ukubwa: bamba dogo husikika karibu na uso tu, ilhali msingi mpana husukuma hadi kina kirefu, na kina hicho kilikuwa na mfinyanzi laini ambao hakuna aliyeugusa. Ghala lenyewe lilikuja kuinuliwa kwa majeki, likawekewa msingi unaofika kwenye mwamba na kurudi kazini.

Kwa sababu hiyo wahandisi wa leo hutoboa. Mashine inashusha bomba ardhini, kisha nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa ianguke kutoka sentimita 76, na mtu anahesabu ni mapigo mangapi yanayozamisha bomba sentimita 30. Mapigo matatu, udongo ni laini. Hamsini, ni mgumu sana. Kwa udongo mweusi, hata hivyo, hesabu hiyo peke yake hudanganya: mwezi wa ukame udongo huo huwa mgumu kiasi cha kurudisha sululu. Hapo ndipo maabara inapohitajika. Kipimo kimoja ni rahisi hata kukielezea jikoni: sentimita 10 za ujazo za udongo mkavu uliosagwa humiminwa kwenye chupa ndefu ya vipimo iliyojaa maji, na kuachwa siku nzima. Zikisoma 20, udongo umevimba kwa asilimia 100, na mhandisi huanza kukunja uso.

Dawa zipo, na nyingine si ghali. Tabaka jeusi likiwa na kina cha mita moja au mbili, kwa kawaida huchimbwa lote na kubadilishwa na mawe na moramu iliyoshindiliwa. Likiwa nene zaidi, nyumba hukalishwa juu ya nguzo za zege zinazoshuka hadi udongo mgumu, na mihimili ya msingi huachiwa uwazi chini yake ili udongo uvimbe bila kugusa kitu. Mengine ni adabu ya maji: mifereji ya paa ipeleke mvua mbali, shimo la majitaka lisikae ubavuni mwa nyumba, mti mkubwa usipandwe karibu na ukuta, na sakafu ya zege izunguke nyumba ili kingo zisilowe na kukauka kila msimu.

Ripoti ya udongo ya nyumba ndogo huanza na mashimo machache yenye kina kinachozidi cha msingi. Yako maswali matatu ambayo mwenye kiwanja anaweza kumuuliza aliyeiandika: udongo mweusi unaishia kina gani, umevimba kwa asilimia ngapi maabara, na maji ya chini yanapanda hadi wapi wakati wa masika? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, hasa mashimo yanapochimbwa wakati ardhi imekauka na kila kitu kinaonekana kigumu.