Namba za Kiingereza: Kibarua cha mtoto wa Sericho

MTOTO anayelelewa Sericho, katika eneobunge la Isiolo Kusini, hukutana na namba katika lugha nne kabla ya kubalehe. Nyumbani huhesabu mbuzi kwa Kiborana, dukani hulipa kwa Kiswahili, madrasani husikia Kiarabu, na shuleni hutakiwa kujibu kwa Kiingereza.

Lugha hiyo ya nne ndiyo inayoamua mengi. Tangu kamati ya Gachathi ilipotoa mapendekezo yake mwaka wa 1976, sera ya elimu nchini Kenya imekuwa kwamba miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi ifunzwe kwa lugha inayotumika katika eneo la mwanafunzi, kisha Kiingereza kichukue nafasi hiyo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, haukuuacha msingi huo. Hata hivyo, maswali ya hisabati katika tathmini ya Gredi ya Sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, huulizwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayejua kujumlisha anaweza kukosa alama kwa sababu tu hakuelewa namba iliyoandikwa kwa maneno.

Ugumu wa kwanza uko baina ya kumi na ishirini. Kiswahili husema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kiborana nacho hutanguliza kumi, kisha kikaongeza kilichozidi: "kudha tokko", "kudha lama", "kudha sadi". Kiingereza hakifuati njia hiyo. Kumi na moja ni "eleven" na kumi na mbili ni "twelve", maneno ambayo mwanafunzi hana budi kuyakariri. Kuanzia kumi na tatu mpango hugeuka: kilichozidi hutangulia na kumi hufuata, kama katika "fourteen" na "sixteen". Ikifika ishirini na moja, "twenty-one", kumi hurudi mbele. Kwa hivyo, ni busara kufunza namba hizo kwa mafungu matatu: moja hadi kumi na mbili, kumi na tatu hadi kumi na tisa, kisha ishirini na kuendelea.

Katika makumi, mtoto wa Kiborana ana faida ambayo huenda mwalimu asiitambue. Kwa Kiswahili, arobaini haifanani na nne wala hamsini haifanani na tano, kwa kuwa arobaini na hamsini zilitoka katika Kiarabu ilhali nne na tano ni za Kibantu. Katika Kiborana, kama ilivyo katika lahaja nyingine za Kioromo, nne ni "afur" na arobaini ni "afurtama". Tano ni "shan" na hamsini ni "shantama". Kiingereza hujenga makumi kwa njia iyo hiyo: "six" huzaa "sixty", na "seven" huzaa "seventy". Mwalimu akianzia hapo, kazi ya kukariri hupungua.

Hatari kubwa zaidi ni matamshi. "Thirteen" ni kumi na tatu, na "thirty" ni thelathini. Sokoni, tofauti ya sauti hizo mbili ni tofauti ya shilingi 13,000 na shilingi 30,000. Neno la kwanza lina irabu ndefu mwishoni na hufungwa kwa sauti ya "n". La pili huishia kwa irabu fupi. Kiborana hutofautisha maana za maneno kwa urefu wa irabu, na hivyo sikio la mzungumzaji wake tayari limezoea jambo hilo. Aidha, muuzaji mwenye shaka anaweza kuomba bei iandikwe kwa tarakimu, kwani 13 na 30 husomeka vilevile katika lugha zote hizi.

Mpangilio wa namba kubwa pia hutatiza. Shilingi 2,300 ni "elfu mbili mia tatu", na kwa Kiborana "kuma lama dhibba sadi": elfu na mia hutangulia idadi yake. Kiingereza hugeuza: "two thousand three hundred". Tena, Kiingereza cha kawaida nchini hakina neno moja linalolingana na laki. Ngamia wa laki moja na nusu huwa wa "one hundred and fifty thousand".

Upande wa sarufi, Kiingereza kina nafuu yake. Mswahili husema mbuzi wawili, vikombe viwili, miti miwili. "Two" haibadiliki kamwe. Badala yake, jina ndilo huongezwa "s": "two goats", "two camels". Lakini mfugaji akumbuke kwamba kondoo hukataa kanuni hiyo: mmoja ni "sheep", na mia moja pia ni "sheep".

Saa nazo zina hesabu yake. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, Kiingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Saa moja asubuhi ni "seven o'clock", na saa nne ni "ten o'clock". Tofauti daima ni saa sita. Mgonjwa aliyeambiwa kwa Kiingereza afike kliniki saa "nine" anatarajiwa saa tatu asubuhi. Akifika saa tisa alasiri, huenda akakuta foleni imekwisha na mhudumu ameondoka.

Mazoezi hayahitaji gharama. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kumwambia mtoto ahesabu mbuzi jioni wanapoingia zizini, mara moja kwa Kiborana na mara ya pili kwa Kiingereza. Majibu yakitofautiana, wahesabu upya. Anayeijua vyema hesabu ya kwao hupungukiwa na maneno tu, wala si akili ya hisabati.