Unataka Kuwa Rubani wa Black Hawk Bila Digrii? Hii Ndio Njia, na Hii Ndio Bei Yake

Kenya ukiskia chopa inapita juu ya mtaa, kitu ya kwanza kukujia kwa akili ni mheshimiwa anaenda kurusha vumbi kwa uwanja wa shule fulani. Watoi wanatoka mbio, wamama wanashika nguo zilizoanikwa, na wewe unabaki umeangalia juu ukijiuliza: huyo msee ameshika usukani alifika aje hapo?

Wengi hudhani lazima uwe na digrii, ama buda mwenye ganji ya kukulipia shule ya urubani. Lakini jeshi la nchi kavu la Marekani liko na mlango mwingine kabisa. Unaweza kutoka mtaani na cheti cha sekondari tu, na miaka michache baadaye uwe umekalia kiti cha Apache. Wamarekani huiita kutoka barabarani hadi kitini. Kama uko majuu, ama uko na cousin huko ambaye amechoka kubeba maboksi, soma hii pole pole. Inabamba, lakini si ya bure.

Kwanza, huyu afisa wa waranti ni nani?

Hapa ndio wasee huchanganyikiwa. Kwa KDF, Warrant Officer ni mkongwe. Aliingia kama kuruti, akapanda hadi sajini, akaendelea kupanda, na sasa ndiye anaogopwa na kambi nzima. Kwa jeshi la nchi kavu la Marekani ni stori tofauti. Afisa wa waranti huko ni fundi wa kitu moja: juu ya sajini wote, chini ya luteni. Cheo cha kwanza ni WO1, halafu CW2 hadi CW5. Wanajeshi wa kawaida wanampigia saluti, na akifika CW2 wanamwita “Chief.”

Tofauti kubwa iko kwa kazi. Kapteni ama meja akipanda cheo anavutwa ofisini, mikutano, makaratasi. Afisa wa waranti anabaki na ndege yake. Ndio maana kwa hilo jeshi marubani wengi ni maafisa wa waranti. Kama ndoto yako ni kuruka na si kuongoza mikutano, hii ndio laini yako.

Masharti ya kuingia

Shika haya kwa makini, juu hapa ndio wengi huangukia.

Lazima uwe raia wa Marekani. Green Card inakuruhusu kuingia jeshini kama askari wa kawaida, lakini haikupi kiti cha afisa wa waranti. Habari njema ni kwamba anayetumikia jeshi ana njia ya uraia iliyo fupi kuliko ya mtu wa kawaida mwenye Green Card, ambaye mara nyingi hungoja miaka 5 kabla ya kuomba. Kwa hivyo kuna wasee huanza kama askari, wanapata uraia, halafu wanaomba urubani wakiwa ndani.

Umri: uwe umefikisha 18 na hujafikisha 33. Masomo: cheti cha sekondari kinatosha. Digrii inasaidia kung’arisha faili yako, lakini si lazima.

Halafu kuna mitihani. Wa kwanza ni ASVAB, ambao kila anayeingia jeshi kama askari wa kawaida hufanya, na wewe unahitaji alama ya GT ya 110 kwenda juu. Wa pili ndio noma: SIFT, mtihani wa urubani. Alama ni 20 hadi 80, na kupita ni 40. Kuna hesabu, kusoma na kuelewa, mitambo, maswali ya helikopta, na picha za kuangalia ndege imeinama upande gani. Sehemu moja inakupa maswali 100 ya michoro kwa dakika 2. Soma tena: maswali 100, dakika 2.

Na hapa hakuna kurudia rudia kama mtihani wa leseni ya gari. Ukifeli, unapewa nafasi moja tu ya kurudia maishani. Ukipita na 41, hiyo 41 ni yako milele, huwezi kurudi kutafuta 60. Kwa hivyo usiende “kujaribu tu.” Nenda ukiwa umeiva.

Baada ya hapo ni daktari. Wanapima macho, rangi unazoona, masikio, moyo, hadi urefu wa mikono na miguu, kuhakikisha unafikia vidhibiti vya ndege. Kuvaa miwani pekee hakukufungii mlango. Kuficha ugonjwa ndio kunaweza kukufungia.

Mwisho unaandika insha ya kwa nini unataka kuruka, unatafuta barua za watu wanaokujua vizuri, na unakaa mbele ya jopo la maafisa. Faili ikipita hapo, inaenda kwa jopo la kitaifa. Huko unashindana na watu ambao wengine tayari wana leseni za ndege ndogo.

Ukichaguliwa, safari inakuwa hivi

Kwanza ni wiki 10 za mafunzo ya kuruti. Hakuna cha “mimi ni rubani.” Utatambaa kwa matope na utapigiwa kelele kama kila mtu. Ukimaliza unaenda Fort Rucker, jimbo la Alabama, kambi ambayo kati ya 2023 na 2025 iliitwa Fort Novosel. Hapo unapitia shule ya maafisa wa waranti, na ukivuka unavishwa WO1.

Halafu kuna kozi mbili watu huota nazo usiku. Moja inakufunza kuishi porini na kuvumilia ukitekwa na adui. Nyingine mnafungwa mikanda ndani ya bodi ya helikopta ya mazoezi, inatumbukizwa kwa dimbwi, inapinduka juu chini, na wewe unatakiwa kujifungua na kutoka bila kupanic. Kama hujui kuogelea, anza leo.

Ndio sasa uguse ndege. Kwa miaka ya karibuni wanafunzi wameanzia kwa helikopta inaitwa Lakota. Unajifunza kuning’inia angani bila kuyumba, na kila mwanafunzi atakuambia hiyo ndio siku aligundua mikono yake haimskii. Halafu unaruka ukitegemea saa na vipimo vya ndani peke yake, kama vile umeingia kwa wingu. Halafu unaruka usiku na miwani ya kuonea gizani. Mwisho darasa linapangwa kwa alama. Aliye juu anachagua kwanza kati ya ndege zilizopo: Black Hawk ya kubeba askari, Apache ya vita, ama Chinook, lile dude la rotor mbili. Aliye mwisho anachukua iliyobaki.

Sasa tuongee bei

Mafunzo yote hulipii hata ndururu, na unalipwa mshahara ukisoma. Lakini unatia sahihi. Tangu Oktoba 2020, rubani mpya anadaiwa miaka 10 ya kazi, na hiyo miaka inaanza kuhesabiwa ukimaliza shule ya urubani, si siku uliyoingia jeshi. Ukianza na 22, utakuwa huru ukiwa zaidi ya 33. Ukifeli njiani, jeshi linaweza kukupeleka kazi nyingine linayohitaji, na mkataba bado uko.

Bei ya pili ni maisha. Hatuhitaji kwenda mbali: Aprili 18, 2024, Jenerali Francis Ogolla na wanajeshi wengine 9 walifariki helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Januari 29, 2025, Black Hawk ya mazoezi iligongana na ndege ya abiria juu ya mto Potomac, Washington, na watu 67 wakafa. Na kama umecheki ile filamu ya Black Hawk Down, yule rubani aliyetekwa Mogadishu Oktoba 1993 ni mtu wa kweli, Michael Durant. Alikuwa afisa wa waranti. Wenzake wote ndani ya ndege walikufa, na yeye akakaa siku 11 mikononi mwa waliomteka.

Bei ya tatu watu hawaitaji. Ukiwa na hiyo mashine, kuna siku utaamua mambo mazito bila bosi kando yako. Machi 16, 1968, kijiji cha My Lai, Vietnam, askari wa Marekani walikuwa wanaua wanakijiji. Rubani mmoja wa miaka 24, Hugh Thompson, cheo kidogo kabisa cha waranti, alitua helikopta yake katikati ya askari wenzake na raia, akawaambia vijana wake wafyatue risasi wale askari wakiendelea kuua. Aliokoa watu. Jeshi lilimpa medali kwa hilo 1998, miaka 30 baadaye. Jiulize: wewe ungetua?

Na sisi tulio hapa Kenya?

Jeshi la Marekani haliandikishi mtu kutoka Nairobi. Kwa hivyo huyo “agent” wa River Road anayekuitisha deposit ya nafasi ya urubani ni mwizi, peana ripoti. Huko Marekani pia, kujiandikisha hakulipishwi.

Kwa KDF njia ni moja: unaingia kama kadeti, unapitia Chuo cha Kijeshi cha Lanet, Nakuru, halafu unachaguliwa kwa urubani. Grade nzuri za KCSE zinahitajika, hasa hesabu na sayansi, na kujiandikisha ni bure.

Na hii weka kwa akili kabla ya kuapa bendera ya wengine: Katiba ya 2010 inakuruhusu uraia pacha, lakini Kifungu 78 kinakataza mwanajeshi wa Kenya kuwa nao. Ukichukua uraia wa Marekani ili uruke Black Hawk, huwezi kurudi kuvaa sare ya KDF ukiwa bado na pasi mbili.

Kwa hivyo kama uko majuu na hii kitu inakuchoma ndani, mpango ni huu: malizana na uraia, jifunze kuogelea, piga hesabu kila siku, soma vitabu vya helikopta, halafu tembelea ofisi ya jeshi ya mtaa wako uulize masharti ya mwaka huo, juu hubadilika. Na kabla ya kutia sahihi, pigia mathe simu. Miaka 10 si ya mtu mmoja.