Lubumbashi: Hadithi inaweza kumfundisha mgonjwa wa sukari pale karatasi inaposhindwa

Mgonjwa wa sukari anatoka hospitalini na mashauri kwenye karatasi: punguza bukari, acha vinywaji vitamu, tembea kila siku, angalia miguu. Jioni anafika kwenye kilio huko Katuba. Shemeji anamwekea bukari kubwa, na pembeni kikombe cha munkoyo. Akikataa, ataonekana anadharau wenye msiba. Karatasi haikusema lolote juu ya shemeji.

Mgonjwa mwenzake aliyekwisha kupita hapo anaweza kumsimulia alivyofanya: alianza na sombe, akamega bukari kidogo, akaomba maji. Madaktari wa Kongo wanasomea kwa Kifaransa na wanapima chakula kwa gramu. Nani Katuba anayepima bukari kwa gramu?

Njia hii imejaribiwa mjini London, Uingereza, katika mtaa wa Newham wenye wahamiaji wengi. Daktari Trisha Greenhalgh na wenzake waliwakusanya wagonjwa wa sukari wasimuliane maisha yao kwa lugha zao, bila somo lililopangwa. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2005. Baadaye wagonjwa 157 waligawanywa: wengine hadithi, wengine mafundisho ya kawaida ya wauguzi. Waliopewa hadithi walihudhuria kwa asilimia 79, wale wengine asilimia 35. Walijiona pia wana uwezo zaidi wa kuishi na ugonjwa. Lakini vipimo vya damu havikuonyesha tofauti kubwa, na hilo lisifichwe.

Lubumbashi haihitaji kuagiza wasimulizi kutoka nje. Kundi la teatri la Mufwankolo, lililoongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, limewachekesha na kuwafundisha watu kwa miaka mingi katika redio na televisheni, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Mtafiti Johannes Fabian aliyelifuata kundi hilo mwaka 1986 alieleza kwamba halikutegemea maandishi: waigizaji walijadili kisa, wakagawana nafasi, kisha maneno yakazaliwa katika mazoezi. Kisa cha bukari na shemeji kingewafaa kabisa.

Hata woga wa sindano, ambao wengi wanaona ndiyo dalili ya mwisho, una hadithi yake ya kweli. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alikuwa amekonda akikaribia kufa. Sindano ya kwanza ya insulini ilimletea madhara kwa sababu dawa haikuwa safi. Ilisafishwa, akachomwa tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Mgonjwa akisikia hivyo, ataelewa kwamba kilichokuwa kinamuua kijana yule ni kukosa sindano.

Hatari ipo. Hadithi ya mtu aliyeacha dawa akanywa mizizi nayo inasafiri haraka, na msimulizi hodari anaweza kuwapoteza wenzake. Kwa hiyo muuguzi akae ndani ya kikundi, asikilize kwanza, kisha aseme palipokosewa: kwamba kujisikia vizuri si kupona, na kwamba kidonda cha mguu kinaweza kukua bila maumivu kwa sababu sukari imeharibu mishipa ya fahamu.

Na shemeji naye aalikwe. Ndiye anayepakua.