Kompyuta ya Michezo kwa Mfuko wa Wastani: Mzazi Anunue Nini, Aache Nini



Likizo za shule zikikaribia, ombi moja husikika katika nyumba nyingi za mwambao wetu: kijana ataka kompyuta ya kuchezea. Mzazi mmoja hukataa papo hapo. Mwingine hukubali kwa kuchoka kusumbuliwa. Wote wawili wameliruka jambo la msingi, nalo ni kulielewa ombi kabla ya kulijibu. Fedha inayotakikana si haba. Mara nyingi ni fedha ya chama cha kina mama, iliyowekwa mwezi baada ya mwezi, nayo ikishatoka kwa pupa hairudi.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alimnunulia mwanawe kompyuta iliyobandikwa maandishi ya Core i7. Muuzaji alimhakikishia kwamba saba ni kubwa kuliko tatu, basi hakuna mashine iliyo bora kuliko hiyo. Kijana alipoifungua, mchezo wa mpira aliokuwa akiungoja ulikataa kabisa kwenda. Mama hakudanganywa juu ya jina. I7 ilikuwa i7 kweli. Alichofichwa ni umri wake na upungufu wa kiungo kimoja. Makala haya yanakusudia kumpa mzazi elimu ya kutosha ili asiingie dukani akiwa mateka wa kibandiko.

Swali la kwanza si la bei. Muulize kijana: utacheza mchezo gani, na kwenye kioo cha ukubwa gani? Mchezo kama Valorant ni mwepesi na hauhitaji mashine kubwa. Michezo ya mpira ya EA Sports FC ni mizito zaidi, na hutaka nafasi ya takriban gigabaiti 100 katika hifadhi. Kioo cha kawaida chenye nukta 1920 kwa 1080 chatosha kabisa kwa mwanafunzi. Anayenunua kioo chenye nukta nyingi kupita hapo amejitwika gharama mbili, kwa kuwa kila nukta ya ziada huidai mashine nguvu zaidi.

Baada ya hapo tutazame viungo. Katika kompyuta ya michezo, kiungo kinachobeba mzigo mkubwa ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha zinazokwenda kiooni. Hiki ndicho kilichokosekana katika mashine ya yule mama. Kadiri ya wastani ni kwamba katika kila shilingi 100 za bajeti, ukiacha kioo kando, shilingi 35 hadi 40 ziende kwenye kadi hiyo, kiasi cha 20 kwenye prosesa, na zilizobaki zigawiwe viungo vingine. Kadi ya Radeon RX 6600, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, hutosheleza michezo mingi kwenye kioo cha kawaida. Mwenye uwezo mdogo zaidi aweza kutazama GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye gigabaiti 4, ingawa michezo mipya mizito itamlazimu kupunguza ubora wa picha.

Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na hapa ndipo vibandiko hupoteza watu. Tuchukue mfano. Core i7-3770 ni ya mwaka 2012. Core i3-12100 ni ya mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane za kazi. Lakini ile ya tatu, kwa udogo wa jina lake, huipita ya saba kwa mbali, kwa sababu imetanguliwa na miaka kumi ya maendeleo. Zaidi ya hayo, ile ya 2012 haikubaliwi rasmi na Windows 11, na Windows 10 imeondolewa huduma ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo usisome tarakimu ya kwanza pekee. Soma namba inayofuata, ndiyo hutaja kizazi. Tena, prosesa ya Intel inayoishia kwa herufi F haina grafiki yake yenyewe. Ukiinunua bila kadi, kioo kitabaki cheusi.

Prosesa hukaa juu ya ubao mama, na kila ubao una soketi yake. Prosesa ya Ryzen 5 5600 huketi katika soketi iitwayo AM4 na hutumia RAM ya aina ya DDR4. Ryzen nyingi za tangu mwishoni mwa 2022 hukaa katika AM5 na hutaka DDR5. Havichanganyiki hivi, kama vile kifuniko cha sufuria moja kisivyofunika nyingine. Andika majina ya viungo vyote katika karatasi moja na kuvilinganisha kabla ya kulipa hata senti.

Kwa RAM, lengo liwe gigabaiti 16, na ikiwezekana ziwe vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, maana vikiwa viwili data hupita njia mbili kwa pamoja. Fahamu pia kuwa bei ya RAM ilipanda sana duniani kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza bidhaa zao kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Basi ulizia maduka kadhaa. Kwa hifadhi chagua SSD, wala si diski ya zamani inayozunguka, na isipungue gigabaiti 500. Ukikumbuka mchezo mmoja unaokula 100, utaona kuwa 256 ni ndogo. Hesabu vilevile bando la intaneti la kuupakua mchezo huo.

Kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote ni kile kinachogawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Hesabu yake ni nyepesi. Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65, RX 6600 wati 132, na viungo vilivyobaki tuvikadirie wati 50. Jumla haifiki 250. Pawasaplai ya wati 500 kutoka kwa kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 PLUS, yatosha na kusaza. Ile ya bei ya kutupa, iliyoandikwa wati nyingi lakini nyepesi mkononi kama kopo tupu, yaweza kuungua na kuviunguza viungo vingine vyote. Kwa sisi wa pwani, ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ongeza kifaa cha kulinda umeme. Hewa yetu nayo ina chumvi na unyevu: usiiweke mashine dirishani penye upepo wa bahari, na vumbi la feni lisafishwe kila baada ya miezi michache.

Je, vilivyotumika vinafaa? Vinafaa, kwa tahadhari. Kompyuta za ofisini zinazoletwa kutoka ng'ambo, kama Dell OptiPlex, huwa imara na rahisi. Ila zile nyembamba hazipokei kadi ndefu, na pawasaplai zake ni za umbo la pekee. Kadi nyingi za grafiki ziliwahi kufanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali, mpaka Ethereum ilipoacha njia hiyo Septemba 2022 na kadi hizo zikamwagwa sokoni. Zipo pia za ghushi: kadi kuukuu iliyobadilishwa jina ndani ijifanye GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzifichua nyingi kati yake. Mwambie muuzaji aiwashe kadi mbele yako, afungue programu hiyo, kisha auendeshe mchezo kwa nusu saa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza ghushi katika biashara, basi kuichunguza bidhaa si kumvunjia mtu heshima. Dai risiti inayotaja kila kiungo kwa jina lake na muda wa dhamana.

Fedha isipotimia, usikimbilie mkopo wa riba kwa ajili ya mchezo. Iko njia ya hatua kwa hatua: anza na Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki yake ndani. Itamfaa kijana kwa masomo na kwa michezo myepesi, na kadi itaongezwa mwaka ujao katika ubao uleule. Mashine hiyohiyo itamfunza uandishi wa programu, uhariri wa picha na kazi nyingine za kumpatia riziki.

Mwisho, kiungo kisichouzwa dukani ni uangalizi. Tazama alama za umri za PEGI: mpira wa EA Sports FC umewekewa 3, lakini Grand Theft Auto V ni 18, nao si wa mtoto. Na hata katika mpira mna mlango wa kuchungwa: vifurushi vya wachezaji vinavyonunuliwa kwa fedha halisi bila kujua kilichomo. Ubelgiji ilivihesabu vya namna hiyo kuwa kamari mwaka 2018. Kwa hivyo usiihifadhi namba ya kadi ya benki wala ya simu katika akaunti ya mtoto. Mashine iwekwe sebuleni, na saa za kucheza zikubaliwe kabla ya kununua, sala na masomo vikitangulia.

Mzazi aliyeketi na mwanawe wakaandika orodha hii pamoja amepata zaidi ya kompyuta. Kijana amejifunza kupima, kulinganisha, kusubiri na kuithamini shilingi ya mamake. Wabillahi tawfiq.